Cheti cha jina la biashara hakilindi nembo yako

Mama mmoja mjasiriamali alifika ofisini kwangu akiwa na chupa mbili za pilipili, akazipanga mezani bila kusema neno. Zote zilikuwa na kifuniko chekundu na lebo ya njano, na majina yake yalitofautiana kwa herufi moja tu ya mwisho. Ya kwanza ilikuwa yake, aliyoianzia jikoni nyumbani miaka 6 iliyopita na kuifikisha madukani Dar es Salaam. Ya pili ilikuwa ya mtu aliyekuwa akimchorea na kumchapia lebo. Kisha akatoa mkobani cheti kilichohifadhiwa vizuri ndani ya plastiki, akaniambia, "Mwanangu, mimi nimesajiliwa BRELA." Nilikisoma mara mbili. Kilikuwa cheti cha jina la biashara.

Kosa hili ndilo ninalokutana nalo kuliko mengine yote katika kazi yangu ya miliki ubunifu, yaani haki za kisheria juu ya kazi za akili kama majina, michoro na uvumbuzi, na siwezi kuwalaumu wanaolifanya, kwa kuwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) ndio unaotunza madaftari yote mawili, la majina ya biashara na la alama za biashara. Usajili wa jina la biashara, chini ya Sura ya 213 ya sheria za nchi, unaufahamisha umma ni nani anayefanya biashara kwa jina fulani. Haki ya kumzuia mwingine asitumie jina au nembo inayofanana na yako kwenye bidhaa zilezile hutokana na usajili wa alama ya biashara, ambao una sheria yake ya mwaka 1986, Sura ya 326, na ombi lake hujazwa peke yake na kulipiwa ada yake.

Alama husajiliwa kwa madaraja, nayo yapo 45: 34 ya bidhaa na 11 ya huduma. Sosi ya pilipili imo daraja la 30, mgahawa daraja la 43, hivyo mwenye sosi anayetarajia kufungua mgahawa kwa jina hilohilo anapaswa kuyafikiria yote mawili mapema. Kabla ya kuomba, fanya upekuzi kwenye daftari, na uchague jina lenye upekee, kwa maana jina linaloitaja tu bidhaa au mahali inapotoka, mfano "Pilipili Kali" au "Asali ya Tabora", ni gumu kumilikiwa na mtu mmoja. Ombi likikubaliwa hutangazwa, na mwenye pingamizi hupewa siku 60. Usajili hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara.

Jambo ambalo huwashtua hata wafanyabiashara wazoefu ni kwamba usajili huo unaishia Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake na Wakala wake wa Usajili wa Biashara na Mali, kwa hiyo anayepakia katoni zake kwenye boti kwenda Unguja anahitaji ombi la pili huko.

Turudi kwa mchapaji, maana hapo ndipo paliponiuma zaidi. Hakimiliki ya mchoro huanza pale mchoro unapochorwa, bila kusubiri cheti, na kumlipa aliyeuchora hakukuhakikishii kwamba haki yake imehamia kwako. Mama huyu hakuwa na hata karatasi moja ya makubaliano, wala faili halisi la lebo hakuwahi kulidai. Alilokuwa nalo ni picha kwenye simu. Hali ni hiyohiyo kwa vijana wa kampuni changa za teknolojia, ambao programu yao iliandikwa na rafiki kabla kampuni haijaundwa, na rafiki huyo sasa yuko kwingine. Mwekezaji makini atauliza msimbo wa programu ni wa nani, na jibu analolitaka ni hati iliyosainiwa, inayotamka wazi kwamba haki zote zimehamishiwa kwa kampuni. Iandikwe siku kazi inapotolewa, wakati watu bado wanapendana.

Mapishi yenyewe ni siri ya biashara, ambayo haina daftari. Hulindwa kwa mkataba wa usiri na kwa kupunguza idadi ya wanaoujua mchanganyiko wote. Mwenye uvumbuzi wa kiufundi, kama mashine mpya ya kusaga, aombe hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, kabla ya kuionyesha kwenye maonyesho ya Sabasaba, kwa kuwa kuiweka hadharani kunaweza kuuondolea uvumbuzi sifa ya kuwa mpya.

Kwa mama huyu tuliwasilisha ombi la daraja la 30 wiki ileile. Ila dhidi ya chupa ya pili, ambayo tayari ilikuwa sokoni, ilibidi tuthibitishe kwamba wateja waliijua bidhaa yake kabla ya ile, na mzigo huo ni mzito kwa asiye na usajili. Nilimwomba risiti, oda za maduka na picha zenye tarehe. Siku iliyofuata alirudi na kopo la biskuti lililojaa vitabu vya risiti, na cha chini kabisa kilifunguka kwenye mauzo yake ya kwanza: chupa 12, jina la pilipili yake likiwa limeandikwa kwa mkono.