Chumba Kisicho Mstatili: Jinsi Mwanafunzi wa Usanifu wa Ndani Anavyokomaa

Wengi wanaoanza kusomea usanifu wa mambo ya ndani hufika darasani wakiwa wamekwisha kutazama picha nyingi za vyumba vya kupendeza, na mimi nilikuwa mmoja wao. Jicho nilikuwa nalo. Kilichonichelewesha ni kudhani kwamba kazi yenyewe ni kuchagua vitu: sofa hili, pazia lile, rangi fulani ukutani. Ninapoipitia leo miradi yangu ya uanafunzi, baada ya miaka ya kufanya kazi hii na kuwasimamia wengine wanaojifunza, naona kwamba karibu yote ilikuwa ikinivuta upande mmoja, yaani niache kuanza na kitu, nianze na mtu anayetenda jambo fulani mahali fulani, kisha nilipime tendo hilo.

Mradi wa kwanza haukuwa na ubunifu wowote, au ndivyo nilivyoona wakati ule. Tuliagizwa tupime chumba kitupu na kukichora kwa skeli ya 1:50, yaani sentimita moja ya mchoro kwa sentimita 50 za chumba. Nilipima kuta nne, nikapata mita 3.6 kwa 4.8, pande zinazokabiliana zikiwa sawa kabisa, nikachora mstatili safi na kufunga daftari. Msimamizi aliniuliza kama nilipima kona kwa kona. Sikuwa nimepima. Chumba cha vipimo hivyo, kama pembe zake ni za nyuzi 90, lazima kiwe na mishazari miwili ya mita 6 kamili. Nilipokwenda kupima nilipata 6.04 na 5.96. Tofauti ya sentimita 8 inaonekana ndogo mpaka uifuatilie: maana yake ukuta wa mita 3.6 umeegemea upande kwa karibu sentimita 5 kutoka ncha moja hadi nyingine, na kabati la kujenga kwenye kona hiyo, likichongwa kwa pembe mraba, litaacha ufa ambao hakuna fundi atakayeuficha kwa gundi. Tangu siku hiyo sichori kitu bila mishazari, na mwanafunzi akiniletea mchoro usio nayo huwa namrudisha na futikamba yake kabla sijautazama.

Mradi ulionibadilisha zaidi ulikuwa wa jiko dogo. Kwenye karatasi nilipanga kaunta mbili zinazotazamana, nikaacha kati yake njia ya sentimita 75, ambayo kwa skeli ya 1:50 ni milimita 15 tu, nafasi inayoonekana pana kwa sababu jicho linalinganisha mstari na mstari, halilinganishi mstari na nyonga. Kisha tukatakiwa kubandika utepe sakafuni kwa ukubwa halisi. Niliweka maboksi mahali pa kaunta, nikakata kipande cha karatasi ngumu kiwe mlango wa oveni, nikaufungua, nikajaribu kuchuchumaa mbele yake kama mtu anayetoa trei ya moto. Mgongo uligonga boksi la nyuma. Nilijaribu kukaa upande, na goti likaingia kwenye mlango. Mwenzangu alipotaka kupita, hakukuwa na pa kupita. Siku hizi njia ya namna hiyo ninaianzia kwenye sentimita 100, na 120 kama watu wawili watapika pamoja, lakini tarakimu hizo hazikuniingia kwa kuzisoma. Ziliniingia kwa mgongo.

Wakati huohuo tulisomeshwa jiko la Frankfurt la mwaka 1926, kazi ya msanifu Margarete Schütte-Lihotzky, lililojengwa katika takriban nyumba 10,000 za makazi ya mji huo. Lilikuwa na upana wa mita 1.9 hivi na urefu wa mita 3.4. Lilitokana na uchunguzi wa muda na mwendo: mpishi anapiga hatua ngapi kutoka sinki hadi jiko, mkono unafika wapi bila mtu kuinuka kitini, nafaka inamiminwaje kutoka kwenye droo ya alumini yenye mdomo wake. Nililichora upya lote kwa mkono, na ndani yake nikachora kwa kalamu nyekundu njia ya mtu anayeandaa mlo mmoja. Njia hiyo ilikuwa fupi ajabu. Kwa upande mwingine, ufupi huo ulikuwa wa mtu mmoja. Akiingia wa pili, mpango wote unavurugika, na jiko hilo lilikuja kulaumiwa kwa kumtenga mwanamke peke yake na kazi. Sijui somo linalozidi hilo kwa mwanafunzi: kipimo kilichochukuliwa kwa uangalifu wote bado kimebeba dhana fulani kuhusu nani atakuwepo chumbani.

Rangi ndiyo iliyoniaibisha. Katika mradi wa chumba cha kusomea nilichagua kijivu na kitambaa cha kiti kilichoshabihiana nacho barabara, nikavilinganisha usiku mezani kwangu chini ya balbu ya njano. Mchana, karibu na dirisha, kijivu kilikuwa na ubuluu na kitambaa kimegeuka kahawia. Rangi mbili zinaweza kufanana chini ya mwanga mmoja na kuachana chini ya mwingine, kwa kuwa kila moja huakisi sehemu zake za mwanga kwa namna yake, na kila taa hutoa sehemu hizo kwa kiasi tofauti. Taa ya kelvini 2700, kelvini kikiwa kipimo cha rangi ya mwanga wa taa, huelemea njano na wekundu. Ya 6500 inakaribia mwanga wa mchana na huelemea ubuluu. Zaidi ya hapo, kila balbu ina alama ya uaminifu wa rangi, yaani jinsi inavyoonyesha rangi halisi za vitu, ambayo upeo wake ni 100, na mahali ambapo watu watatazama vitambaa, picha au nyuso zao huwa sikubali chini ya 90. Sampuli ya rangi ya ukubwa wa kiganja nayo inadanganya. Paka karatasi kubwa, ihamishe ukuta hadi ukuta asubuhi, mchana na jioni, kisha simamisha konani karatasi mbili za namna hiyo zikitazamana, kwa sababu kuta zilizokaribiana hutupiana rangi, na njano uliyoipenda kwenye kadi inaweza kuiva kupita kiasi humo.

Sauti karibu kila mwanafunzi anaisahau, kwa kuwa haichoreki. Mwaka 1895 mwanafizikia Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alipewa ukumbi mpya wa mihadhara ambamo maneno hayakusikika vizuri, akawa anahamisha matakia ya viti kutoka kwenye ukumbi mwingine usiku na kupima kwa saa sauti inachukua muda gani kufifia. Kanuni iliyotokana na kazi yake bado tunaitumia: muda wa kufifia, kwa sekunde, ni 0.161 mara ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, ukigawanywa kwa jumla ya ufyonzaji wake, yaani kiasi ambacho nyuso zake zinameza sauti, kikihesabiwa kwa mita za mraba. Katika mradi wangu wa chumba cha mita 6 kwa 8, chenye kimo cha mita 3, vioo na vigae vilinipa ufyonzaji wa kama mita za mraba 12, hivyo sauti ingekaa kwa sekunde 1.9. Nilipoongeza zulia, mapazia mazito na ubao laini wa dari hadi kufikia 24, ilishuka chini ya sekunde 1. Zulia nililolidhani pambo likawa chombo cha kazi.

Kuhusu kompyuta nitasema machache. Picha zake zinauza wazo, ila kamera yake inaweza kupanua chumba kwa mapenzi ya mchoraji. Kielelezo cha maboksi cha 1:20, ukikimulika kwa tochi badala ya jua, hakina hila hiyo.

Tathmini ya mwisho ya mwaka wa pili niliwasilisha ukumbi wa kuingilia niliouona kuwa mzuri kuliko kazi zangu zote. Mwalimu aliutazama kimya, kisha akauliza: "Mtu ameingia, mikono yote imebeba mzigo, nguo zimelowa mvua. Mzigo anauweka wapi?" Nilitazama mchoro wangu. Kulikuwa na kioo kirefu, chungu cha maua na ukuta mtupu. "Sakafuni, mwalimu," nikajibu, na darasa likacheka. Kuanzia hapo kila mradi wangu ulifunguliwa na ukurasa wa vitenzi tu, bila mchoro: anaingia, anatua, anavua, anatundika, anajifuta, anatazama kama mlango umefungwa. Karatasi hizo zimo kwenye jalada langu la kazi hadi leo, pamoja na ule mchoro wa chumba chenye 6.04 na 5.96, na wanaonihoji kuhusu kazi mpya husimama hapo muda mrefu kuliko kwenye picha za rangi.