Ukikutana na Ndovu: Umbali Ndio Kinga, na Madai ya Fidia Yana Utaratibu Wake

Mahindi yakianza kukomaa, simu zinazoingia katika ofisi za wanyamapori huongezeka, na nyingi huanza kwa maneno yale yale: "Njooni mchukue ndovu wenu." Naielewa hasira hiyo. Mtu aliyelima ekari mbili kwa jembe la mkono, akaamka asubuhi na kukuta mabua yamelala chini, hahitaji kuhutubiwa. Ila makala hii haihusu mahindi. Inamhusu yule aliyesikia mabua yakivunjika saa nane za usiku, akachukua tochi na rungu, akatoka nje peke yake.

Kwanza nirekebishe jambo moja ambalo sisi maafisa wa wanyamapori tumelieleza katika mabaraza ya machifu hadi sauti zikakauka. Ndovu si wa shirika la wanyamapori. Ni mali ya umma, na maafisa wamekabidhiwa kazi ya kuwalinda wao pamoja na watu wanaoishi nao. Mtu anayewaona ndovu kama ng'ombe wa jirani waliovunja ua huamini kwamba akipiga kelele vya kutosha mwenyewe atakuja kuwaswaga. Imani hiyo humpeleka karibu mno na mnyama, na ukaribu ndio unaoua.

Sensa ya kitaifa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilihesabu ndovu 36,280 nchini Kenya, nyati 41,659 na simba 2,589. Sehemu kubwa ya wanyama hawa hawakai ndani ya mbuga mwaka mzima. Ndovu hutembea katika mapito ambayo jike mkuu wa kundi anayakumbuka tangu alipokuwa ndama, na hayo mapito leo yana mashamba, nyua, barabara na visima. Ndovu mkubwa anaweza kula kilo 150 za chakula kwa siku na kunywa maji zaidi ya lita 100. Akipata shamba la mahindi na tangi la maji mahali pamoja, usitarajie apite tu.

Sasa tuje kwenye kukutana naye. Macho ya ndovu hayaoni mbali sana, lakini pua na masikio yake yanajua upo kabla wewe hujajua yupo. Ndiyo maana tunasisitiza upepo. Okota vumbi kidogo, liachie, utazame linakoelekea. Kama upepo unatoka kwako kwenda kwake, harufu yako imeshafika, na wewe uondoke mapema. Kama unatoka kwake kuja kwako, una nafasi ya kurudi nyuma kimya bila yeye kushtuka. Kwa mtu anayekwenda kwa miguu, umbali usiopungua urefu wa uwanja wa mpira ndio tunaoushauri. Najua kichakani hauwezekani kila mara. Ukigundua kwamba umeshamkaribia kuliko hapo, lililobaki ni kurudi ulikotoka polepole bila kumpa mgongo, na kumwachia njia ya kupita.

Hilo la kumwachia njia ndilo ninaloomba lishikwe kuliko mengine yote. Tukienda mahali mtu alipojeruhiwa, mara nyingi tunakuta kwamba mnyama hakuwa na pa kutokea. Watu walisimama upande huu wakipiga makopo, wengine upande wa pili wakirusha mawe, vijana na pikipiki barabarani, na kila mmoja ameinua simu apate video. Ndovu aliyezingirwa hachagui wa kumvamia. Anapita palipo na upenyo, na kama kwenye upenyo huo amesimama mtoto, atapita hapo hapo. Wazazi, nawasihi kwa dhati: mkisikia ndovu ameingia kijijini mchana, jukumu lenu la kwanza ni kujua watoto wako wapi. Kumtazama ndovu si jukumu la mtu yeyote.

Kuna dalili ambazo kila anayeishi karibu na wanyama hawa anapaswa kuzijua. Ndovu anayetandaza masikio, anayetikisa kichwa, anayepiga baragumu na kutimua vumbi kwa mguu, mara nyingi anaonya. Anaweza hata kukimbia kuja kwako kisha akasimama ghafla. Akisimama, usimjaribu tena. Yule anayelaza masikio nyuma, akakunja mkonga kifuani na kuja kimya akiwa ameinamisha kichwa, huyo hatanii. Kasi yake inaweza kufika kilomita 40 kwa saa, na hakuna binadamu anayemshinda mbio kwenye uwanda. Hapo tafuta kizuizi: jiwe kubwa, mti mnene, mtaro ambao hawezi kuuvuka kirahisi. Tupa chini ulichobeba, koti au mfuko, kwani wakati mwingine husimama kukinusa. Mambo ya kukimbia kwa kupinda kushoto na kulia, au kwamba anakasirishwa na nguo nyekundu, tuyaache. Tumepoteza muda mwingi kuyajadili na hayamwokoi mtu.

Dume aliye katika kipindi cha kutafuta majike anahitaji tahadhari ya peke yake. Utaona majimaji yakitiririka kati ya jicho na sikio, na mkojo ukidondoka na kulowesha miguu ya nyuma. Huyo usimkaribie hata ukiwa ndani ya gari. Vivyo hivyo jike mwenye ndama. Na ndama aliye peke yake, hata akionekana mnyonge kiasi gani, usimguse wala usimpe maji. Mama anaweza kuwa nyuma ya kichaka. Piga simu, ukae mbali, uzuie wengine wasimsogelee.

Wenye bodaboda wanaoendesha usiku katika barabara zinazokata mapito ya ndovu: ukimwona mbele, simama mbali, usipige honi, usiongeze moto kwa nia ya kumpita. Geuza urudi, na abiria wako avumilie. Na kwa wale wanaotoka vilabuni usiku wakitembea kwa miguu, nitasema wazi kwa sababu nimeandika ripoti nyingi mno za namna hii: pombe huondoa hofu ambayo ingekuokoa, na humfanya mtu amwendee mnyama akidhani ni kichaka. Kama huwezi kurudi nyumbani kabla ya giza, lala ulipo.

Wanyama wengine nitawagusia kwa kifupi. Kiboko hutoka majini usiku kula nyasi na hurudi kabla ya jua kupanda. Wakazi wa kandokando ya Ziwa Naivasha wanalijua hili, wageni wao hawalijui. Usisimame kati yake na maji, maana akishtuka atakimbilia majini na wewe ndiwe uliye njiani. Nyati dume mzee anayeishi peke yake hulala kwenye vichaka vizito, kwa hiyo anayekata kuni asiingie humo kabla ya kupiga makofi na kusikiliza; akikujia, panda mti. Simba ukikutana naye kwa miguu, usikimbie hata kidogo. Mtazame, jifanye mkubwa, paza sauti, rudi nyuma hatua kwa hatua. Mamba hukaa akingoja mahali anapojua watu huja, basi msichote maji sehemu ile ile kila siku.

Kuhusu kulinda mashamba, watu hutuuliza kama kuna dawa. Zipo njia zinazosaidia, na zinasaidia zaidi zikitumiwa na majirani kwa pamoja. Huko Sagalla, karibu na Mbuga ya Tsavo Mashariki, wakulima wamezungushia mashamba yao mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa waya. Ndovu akigusa waya mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, naye anawaogopa kwa sababu humuuma karibu na macho na ndani ya mkonga, ambako ngozi ni laini. Mkulima anabaki na mavuno, na asali juu yake. Ua wa namna hii unataka kutunzwa: kiangazi kikali hufanya nyuki kuhama, na mizinga mitupu haimtishi ndovu kwa muda mrefu. Wengine hupaka kamba oili chafu iliyochanganywa na pilipili, au huchoma pilipili na kinyesi cha ndovu moshi upeperukie upande anakotokea. Tochi yenye mwanga mkali nayo inafaa ikitumiwa kutoka mbali, na watu wakiwa kundi.

Kisichofaa ni mishale, mikuki, moto na sumu. Ndovu aliyejeruhiwa hakumbuki nani alimchoma. Anabaki porini na kidonda chake, na atakayekutana naye kesho yake ni mama wa mtu mwingine aliyekwenda kutafuta kuni.

Tuje kwenye sheria, kwa sababu hapa ndipo penye malalamiko mengi. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya tangu mwaka 1977. Kumuua ndovu, au kupatikana na pembe yake hata kipande, ni kosa zito lenye adhabu ya miaka mingi gerezani au faini ambayo familia ya kawaida haiwezi kuilipa. Kuokota pembe ya mnyama aliyekufa mwenyewe nako ni kosa. Usiiweke nyumbani ukisema utaipeleka kesho. Iache ilipo, upige simu, na ujitaje kuwa ndiwe uliyetoa taarifa. Mtu akilazimika kumuua mnyama ili kuokoa maisha, atoe taarifa mara moja na asiguse mzoga. Kula ile nyama hugeuza maelezo yake yote kuwa kesi ngumu.

Fidia nayo ipo. Si kweli kwamba haipo, na si kweli kwamba hulipwa mwenye kujuana na watu. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, kifungu cha 25, inaweka shilingi milioni 5 kwa kifo, milioni 3 kwa jeraha lililosababisha ulemavu wa kudumu, na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine kulingana na ukubwa wake. Mazao, mifugo na mali huthaminiwa kwa bei ya soko. Mnyama aliyehusika lazima awe katika orodha iliyo kwenye Jedwali la Tatu la sheria hiyo. Nakubali, na siwezi kuficha, kwamba malipo huchelewa kuwafikia watu, na kuchelewa huko kunaumiza familia ambazo tayari zimeumia. Lakini madai mengine yanakwama kwa sababu za karatasi tu, na hizo tunaweza kuziondoa pamoja.

Toa taarifa kwa kituo cha wanyamapori kilicho karibu mara tukio linapotokea, si baada ya matanga. Afisa anahitaji kuona nyayo, kinyesi na alama za meno kabla mvua haijafuta na kabla watu hawajakanyaga. Usihamishe mzoga wa ng'ombe au mbuzi. Ufunike kwa matawi fisi wasiumalize. Usilime upya shamba lililoharibiwa kabla halijapimwa. Piga picha zinazoonyesha eneo zima, kisha za karibu. Ripoti pia polisi, uchukue nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, na uiandike mahali, maana kuitafuta miezi sita baadaye ni kazi. Aliyejeruhiwa aende hospitali akiwa na mtu atakayemweleza daktari kwamba ni mnyama na ni mnyama gani. Tumeona karatasi za hospitali zilizoandikwa "ajali" basi, na kamati inayohakiki madai haiwezi kukisia.

Fomu ya madai hujazwa na mwenyewe, au kwa aliyefariki, na mwakilishi au mrithi wake. Hapa familia hugombana, na tunaomba mkubaliane mapema ni nani. Jina kwenye fomu lilingane na kitambulisho herufi kwa herufi. Wanjiku wa kitambulisho akiwa Wanjiko kwenye cheti cha kifo, faili hurudi. Madai hupelekwa kwa Kamati ya Kaunti ya Uhifadhi na Fidia ya Wanyamapori, ambayo huyahakiki. Ya kifo na majeraha hutumwa na mapendekezo ya kamati kwa waziri anayehusika na wanyamapori. Kwa hiyo afisa wa kituo anapokwambia hana pesa mezani, anakueleza ukweli.

Kifungu hicho cha 25 kina sharti ambalo watu hulisikia kwa mara ya kwanza siku wanapokataliwa. Fidia ya mazao, mifugo au mali haitolewi kama mwenyewe hakuchukua hatua za kadiri kuvilinda. Mbuzi waliolala nje bila boma, au shamba lililofunguliwa katikati ya eneo ambalo mpango wa usimamizi umelitenga kwa wanyama, vinaweza kukukosesha. Wafugaji wanaopakana na Mbuga ya Nairobi waliofunga taa za kumetameta kuzunguka maboma yao dhidi ya simba wana kitu cha kuonyesha afisa anapofika. Hata ua wa miiba uliofungwa vizuri ni ushahidi, kwa hiyo upige picha kabla ya tukio lolote.

Asiyeridhika na uamuzi ana siku 30 za kukata rufaa kwa Baraza la Kitaifa la Mazingira (National Environment Tribunal), na kutoka hapo anaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Siku hizo zinahesabiwa tangu ulipojulishwa. Barua ikikufikia kupitia kwa chifu, mwombe aandike juu yake tarehe aliyokukabidhi, aweke sahihi na muhuri, na ubaki na nakala.