Hela ya mwenyewe nayo ina bei

MBA, shahada ya uzamili ya biashara, niliisoma jioni, Dar es Salaam, mchana nikiwa benki kwenye dawati la mikopo. Wiki ya tatu ya somo la fedha za kampuni, mhadhiri akatuambia kwamba kampuni ikope isikope, thamani yake ni ile ile. Darasa likaguna. Nusu yetu tulikuwa tunakula kwa kukopesha!

Nadharia yenyewe ni ya Franco Modigliani na Merton Miller, waliyoichapisha mwaka 1958. Wengi waliipitia kwa madesa: kariri kanuni, kwepa sapu, songa mbele. Nami ningefanya hivyo hivyo kama jaribio la kwanza lisingeniumbua.

Swali lilikuwa la namna hii. Kampuni haina deni, inapata shilingi milioni 100 kwa mwaka, na kwa hatari ya biashara ile wawekezaji wanataka asilimia 20. Thamani yake basi ni milioni 500, maana 100 ni asilimia 20 ya 500. Inakopa milioni 250 kwa riba ya asilimia 10 na kununua nusu ya hisa zake yenyewe. Riba inakula milioni 25, zinabaki 75 kwa wanahisa wenye mtaji wa 250. Asilimia 30! Nikaandika kwa furaha kwamba mkopo umewatajirisha.

Sikuuangalia mwaka mbaya. Faida ikianguka hadi milioni 25, kampuni isiyo na deni bado inawapa wenyewe asilimia 5. Hii yenye deni inalipa riba na wanahisa wanatoka mikono mitupu. Mkopeshaji hula kwanza, mwenye hisa hula makombo, na anayekula makombo hudai zaidi ili akubali kukaa mezani. Ndiyo maana anataka 30 badala ya 20. Nusu ya mtaji kwa 10, nusu kwa 30, wastani ni 20 kama mwanzo. Thamani haijasogea hata shilingi.

Modigliani alipopata Nobel ya uchumi mwaka 1985, wapiga picha wa televisheni walimfuata Miller huko Chicago wakitaka aieleze kazi yao kwa sekunde kumi. Akawaambia kwamba ukitoa hela mfuko wa kushoto ukaitia wa kulia, hujatajirika. Wakazima taa zao wakaondoka. Nobel yake Miller ilikuja 1990.

Bila shaka dunia ya hesabu ile haipo. Haina kodi, haina mufilisi, kila mtu anaijua kampuni sawasawa na mkurugenzi wake, na mtu binafsi anakopa kwa riba ya kampuni kubwa (kamwambie hivyo mwalimu mwenye mkopo wa mshahara). Lakini utamu uko hapo hapo: deni likiwa na faida au hasara, itafute kwenye kimojawapo cha vitu hivyo. Kodi, kwa mfano, wenyewe waliirekebisha mwaka 1963. Riba hutolewa kabla ya kodi, gawio la wanahisa halitolewi. Kwa kodi ya kampuni ya asilimia 30, kama ya Tanzania na Kenya, ile riba ya milioni 25 inaokoa milioni 7.5 kila mwaka. Si ajabu sheria za nchi nyingi zinaiwekea ukomo riba inayoruhusiwa kupunguza kodi.

Upande wa pili kuna kufilisika, na huo vitabu huupitia haraka mno. Hasara huanza kabla ya mnada. Muuza vipuri anakataa kukopesha, dereva mzuri anahamia kwa jirani, mteja anasita kusaini mkataba mpya.

Miaka michache baada ya kuhitimu, mzee mmoja mwenye malori alinijia ofisini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hawa wenzako wananisukuma nikope ninunue manne. Lakini mimi nina hela yangu, na hela yangu haina riba."

Hili ndilo kosa ninaloliona kila wiki, hata kwa watu wenye shahada ukutani. Nikamuuliza hela ile angeiweka kwenye hatifungani za serikali ingemletea nini bila kulipa dereva wala kununua tairi. Akatoa simu, akafungua kikokotoo, akakaa kimya kidogo.

"Kumbe hela yangu nayo inanidai."

"Inakudai kuliko benki, mzee. Mzigo ukikosekana, wewe ndiye wa mwisho kulipwa."

Tukapiga hesabu kwa miezi ya mzigo haba, si ile ya neema ambayo afisa mikopo aliijaza kwenye fomu. Kwenye hesabu hiyo malori manne, yote ya mkopo, yalikwama mwezi wa tatu. Akachukua mawili, moja kwa mkopo, moja kwa hela yake, na safari hii kwenye daftari hela yake akaiandikia asilimia yake.