Viza ya kazi ya programu bila digrii

Dhana kwamba bila digrii ya kompyuta hupati viza ya kazi ya programu ughaibuni imekaa vichwani mwa watu miaka mingi, na si kweli kwa kila nchi. Ujerumani, tangu Novemba 2023, mtaalamu wa tehama asiye na digrii anaweza kupewa Kadi ya Buluu ya Umoja wa Ulaya (kibali cha kuishi na kufanya kazi kwa wataalamu wa kigeni) akiwa na uzoefu wa angalau miaka 3, ndani ya miaka 7 iliyopita, katika kazi ya kiwango cha msomi wa chuo kikuu. Ofa ya kazi yenye mshahara unaofikia kima kilichowekwa bado ni lazima.

Penye mtihani ni kwenye ushahidi. Barua ya mwajiri inayosema tu "alikuwa mchapakazi" haina uzito. Itaje tarehe ya kuanza na kumaliza, cheo, na kazi zenyewe, mathalani kusanifu hifadhidata au kusimamia seva. Vyeti vya kozi fupi za mtandaoni (poleni mliovilipia) havizibi pengo hilo.

Marekani ndiko kugumu. Kwa viza ya H-1B, ambayo ni viza ya kazi ya wataalamu, miaka 3 ya kazi ya kitaalamu huhesabiwa sawa na mwaka 1 wa chuo, kwa hiyo asiyesoma chuo kabisa huhitaji kama miaka 12 ili kufikia digrii ya miaka 4.