Haki ya kiutaratibu ni nini, na kwa nini mtaa mmoja hauwezi kukubaliana kuhusu polisi

Mada ya polisi ukiitupa kijiweni haijawahi kuisha kwa amani. Mmoja anasema hao wote lao moja, mwingine anakwambia hao hao unaowaponda wakigoma usiku mmoja tu utahamia kwa mjomba wako, wa tatu ana mdogo wake yuko depo Moshi (chuo cha polisi) kwa hiyo hataki kusikia neno baya, na wa nne haongei kabisa anachezea simu yake, na mara nyingi huyo wa nne ndo aliyewahi kulala mahabusu. Wote wanakaa mtaa mmoja, kituo chao kimoja, sasa inakuwaje kila mtu ana polisi wake kichwani?

Jibu la haraka ni kwamba aliyesaidiwa anasifia na aliyekamatwa analaumu. Kuna ukweli hapo ila haitoshi, maana utakuta mtu alipigwa faini kabisa na bado anasema yule afande alikuwa muungwana, na mwingine aliachiwa bila kulipa hata mia na mpaka leo akiona gari la polisi anatema mate. Kuelezea hilo ndo wasomi wana kitu wanakiita haki ya kiutaratibu. Kwa lugha rahisi ni ile hali ya mtu kuona kwamba njia iliyotumika kuamua jambo lake ilikuwa ya haki, hata kama uamuzi wenyewe umemwangukia vibaya. Yani unajiuliza, nilipewa nafasi ya kujieleza au nilikatishwa sentensi ya kwanza? Sheria iliyotumika kwangu ndo ingetumika kwa mwenye gari la STK, yani la serikali? Niliongeleshwa kama mtu mzima? Na huyu mtu nia yake ilikuwa kazi au alikuwa anatafuta hela ya mchana?

Aliyeipa dhana hii nguvu kwenye mambo ya polisi na mahakama ni mwanasaikolojia wa Marekani, Tom Tyler. Mwaka 1984 walihojiwa wakazi 1,575 wa Chicago, kisha 804 kati yao wakahojiwa tena baada ya mwaka, na matokeo akayachapisha 1990. Swali lake lilikuwa kwa nini watu wanatii sheria. Wengi tungedhani ni kuogopa kukamatwa, ila yeye akakuta kwamba kilichokuwa na uzito zaidi ni mtu kuamini kwamba wenye mamlaka wana uhalali wa kumwambia fanya hivi usifanye vile, na hiyo imani inajengwa zaidi na jinsi alivyotendewa alipokutana nao kuliko na kama alishinda au alishindwa.

Tuilete barabarani. Madereva wawili wamepigwa tochi (kifaa cha kupima spidi) eneo la kilomita 50 kwa saa. Wa kwanza anasimamishwa, anasalimiwa, anaoneshwa spidi yake kwenye kile kifaa, anaulizwa kama ana la kusema, anasema lake (kila mtu ana mgonjwa hospitali siku hiyo), anaandikiwa faini ya elfu 30 yenye control number (namba ya kulipia serikalini), anaambiwa safari njema. Wa pili anafika tu leseni inaingia mfukoni kwa afande, anaambiwa subiri pale, akiuliza kosa anajibiwa "wewe unajifanya unajua sheria?", anakaa juani nusu saa wakati gari zingine zinapita kwa spidi ile ile, mwisho anaitwa nyuma ya gari anatoa elfu 5 "ya maji" anaondoka. Kwa hesabu ya shilingi wa pili kaokoa elfu 25, ilibidi awe ndo mwenye furaha. Muulize sasa polisi wakoje uone.

Hapa lazima niseme kitu ambacho vitabu vya Chicago havikigusi vizuri. Kwetu Tanzania kuna dereva atakwambia yule wa elfu 5 ndo ana utu, kamuelewa, hajamkomoa. Na ni kweli anamshukuru. Ila kumshukuru mtu na kumheshimu ni vitu viwili, siku huyo huyo dereva akiibiwa hawezi kwenda kwa yule afande akiamini kesi yake itasikilizwa bila kitu mkononi, maana ameshafundishwa kwamba pale kila kitu kina bei.

Kituoni ndo kubaya zaidi kwa sababu unaenda ukiwa na shida tayari. Umevamiwa, damu inatoka, unajua hospitali watakuuliza PF3 (fomu ya polisi ya matibabu), unafika kaunta unaambiwa fomu zimeisha, au askari wa zamu katoka, au unaulizwa "na wewe saa nne usiku ulikuwa unafanya nini huko?" kwa sauti ambayo benchi zima linasikia. Umeandikiwa RB (namba ya taarifa yako kituoni) sawa, ukiuliza mtuhumiwa atafuatwa lini unaambiwa gari halina mafuta, na wote tunajua hiyo maana yake nini. Alafu anaingia mtu anayefahamiana na bosi wa kituo, anapita moja kwa moja ndani, dakika kumi gari limepata mafuta. Wewe uliyebaki kwenye benchi huwezi kukaa ukachambua takwimu za uhalifu zimeshuka au zimepanda, umeshaona cha kuona. Ile ndo sehemu ya dhana inayohusu kutendewa sawa, na kwa maoni yangu kwetu ndo inayouma kuliko hata lugha mbaya. Mswahili anaweza kuvumilia kufokewa ila kuona mwenzake anapitishwa mlango wa pembeni hasahau.

Na kutosahau nako kumepimwa. Wesley Skogan, naye wa huko huko Chicago, alichapisha mwaka 2006 uchambuzi unaoonesha kwamba kukutana vibaya na polisi kunaharibu maoni ya mtu kati ya mara 4 hadi 14 zaidi ya vile kukutana nao vizuri kunavyoyajenga. Askari kumi waliokusaidia kwa adabu wanaweza kufutwa na mmoja aliyekuzaba kibao. Ndo maana msemaji wa polisi akisimama kusoma orodha ya silaha zilizokamatwa na majambazi waliodhibitiwa watu wanamwangalia tu, sio kwamba hawaamini, ila wanachokumbuka ni kile kibao. Na sio lazima kiwe chako, cha binamu yako kinatosha.

Ukiunganisha hivo utaona kumbe watu wakibishana kuhusu polisi mara nyingi hawaongelei polisi yule yule. Bodaboda anaongelea trafiki anayekutana naye karibu kila siku. Mama mwenye duka anaongelea doria inayopita saa sita usiku na kwake hiyo ni neema. Mwanachama wa chama cha upinzani anaongelea FFU (kikosi cha kutuliza ghasia) na maji ya kuwasha. Mtu wa kijijini huenda askari mwenye kombati anamuona mara chache mno, "polisi" kwake ni mgambo na mtendaji. Mtafiti akija na dodoso moja kuwauliza wote "una imani na polisi?" anapata asilimia, na hiyo asilimia inaficha mambo mengi.

Historia nayo imo. Polisi wa London walianzishwa 1829 na Robert Peel kwa wazo (angalau kwenye karatasi) kwamba askari anafanya kazi kwa ridhaa ya raia. Waingereza hao hao walipounda polisi wa Tanganyika mwaka 1919 hakuna raia aliyeombwa ridhaa, kazi ilikuwa kulinda serikali ya kikoloni na kodi yake. Kenya walijaribu kulikata hilo kisheria, katiba ya 2010 ikaleta Huduma ya Taifa ya Polisi badala ya jeshi, 2011 ikapitishwa sheria ya IPOA, chombo cha kiraia cha kuchunguza polisi, mpaka sare zikabadilishwa kuwa za bluu mwaka 2018. Halafu ikaja tarehe 25 Juni 2024, maandamano ya kupinga mswada wa fedha, risasi za moto karibu na Bunge pale Nairobi, watu wakafa. Kuna Wakenya waliona polisi wanalinda Bunge lililovamiwa na kuna waliona vijana wao wanauawa na watu wanaolipwa kwa kodi yao. Wa kundi la pili ukimwambia habari ya sare mpya anakucheka.

Kwetu jaribio kubwa lilikuwa polisi jamii, yani polisi kushirikiana na wananchi kuzuia uhalifu, lililoshika kasi kuanzia 2006 wakati IGP (mkuu wa polisi) ni Said Mwema, na ile kauli "utii wa sheria bila shuruti" iliyobandikwa kila mahali. Hiyo kauli ni karibu swali lile lile la Tyler. Tofauti ni kwamba sisi tuliigeuza ikawa maagizo kwa raia, wewe tii, wakati dhana inasema utii wa hiari unaanzia kwa askari, kwa jinsi anavyokusimamisha na kukusikiliza.

Ila dhana yenyewe nayo isichukuliwe kama msahafu. Inapima hisia, na hisia zinadanganywa, polisi anaweza kukubambikia kesi kwa lugha tamu kabisa na akakupa kiti. Kinyume chake pia kipo. Sungusungu walipoanza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 80 kwa sababu ya wizi wa ng'ombe, wengi waliwaona ni wa haki kuliko polisi, maana walikuwa watu wao, waliwajua, mambo yalisemwa mbele ya kila mtu. Wakati huo huo kuna watuhumiwa waliopigwa vibaya na kuna vikongwe walioandamwa kwa tuhuma za uchawi. Wengi kuridhika na utaratibu hakumaanishi aliyekaa katikati ya duara ametendewa haki.

Na je, inafanya kazi ukiipeleka kazini? Queensland, Australia, walijaribu kwenye vituo 60 vya barabarani vya kupima ulevi, kwenye nusu ya vituo askari walifanya kama kawaida, kwenye nusu nyingine walipewa maelezo mafupi ya kumwambia dereva: kwa nini tumekusimamisha, tunafanya kwa kila mtu bila kuchagua, una maoni gani. Madereva wa kundi hilo la pili wakawa na maoni mazuri zaidi. Scotland wakaiga, ikawa kinyume, kuridhika kwa madereva kukashuka. Watafiti walipowarudia askari wakakuta tatizo liko ndani ya jeshi lenyewe: mwaka 2013 vikosi vinane vilikuwa vimeunganishwa kuwa kimoja, maelezo ya mradi yalifika juu juu, na askari wengi walijiona wanaburuzwa bila kusikilizwa, alafu ndo wanapewa kadi ya kumsikiliza raia. Kwetu tunaye askari wa nyumba ya mabati ile inaitwa full suti, aliyehamishwa mkoa bila kuulizwa na posho yake haieleweki iko wapi. Semina ya huduma kwa mteja tunayompeleka haigusi hata kimoja kati ya hivyo.