Zeolaiti: dawa ya kusafisha mwili au madini ya mashine?

Zeolaiti ni nini?

Ni kundi la madini yenye aluminiamu, silikoni na oksijeni. Mengi hutokana na majivu ya volkano yaliyogeuzwa taratibu na maji, na mengine hutengenezwa viwandani. Ndani yana vitundu vidogo mno vinavyonasa baadhi ya chembe na kuziachia nyingine. Yamo hata kwenye sabuni nyingi za unga, kupunguza ugumu wa maji.

Nimeuziwa matone ya zeolaiti, nikaambiwa yanatoa sumu na kutibu saratani. Niendelee?

Hapana. Haijathibitishwa kwamba matone hayo yanatibu saratani. Taka za mwili huondolewa na ini na figo. Ukihofia umepata sumu ya risasi au zebaki, kapimwe damu. Hospitali ina dawa zake. Na tafadhali, usiache matibabu ya saratani kwa ajili ya chupa hiyo. Miezi inayopotea hairudi.

Ni kweli vumbi lake huua?

Aina moja, erioniti, ndiyo. Nyuzi zake zikivutwa hukaa kwenye mapafu. Katika vijiji vya Karain na Tuzköy, eneo la Cappadocia nchini Uturuki, watu wengi walifariki kwa saratani ya utando wa mapafu, maana nyumba zao zilijengwa kwa mawe yenye madini hayo. Zeolaiti nyingi nyingine hazijathibitishwa kuwa na sifa hiyo, lakini vumbi la mawe si la kuvuta.

Baba anatumia mashine ya oksijeni nyumbani. Fundi anasema ina zeolaiti. Huisha?

Anasema kweli, na hapa ndipo madini haya yanapookoa maisha hasa. Hewa ina naitrojeni asilimia 78. Mashine huisukuma kwenye silinda yenye punje za zeolaiti. Naitrojeni inanaswa, oksijeni inapita kwenda kwa mgonjwa. Silinda ya pili inapokea zamu huku ya kwanza ikitoa naitrojeni nje. Ule mlio wa “psss” kila baada ya sekunde chache ndio huo.

Punje haziishi kwa kutumika, ila unyevu huziharibu. Osheni kichujio cha hewa kama kitabu cha mashine kinavyoelekeza, na kikauke kabisa kabla ya kukirudisha. Fundi apime oksijeni inayotoka: ikishuka chini ya asilimia 82, mashine haifai, hata kama bado inanguruma vizuri. Msiongeze kiwango bila daktari, na jiko na sigara vikae mbali nayo.