Kuwasha Polly ndani ya Clang: anza na kitanzi kimoja

Wanaotaka kujaribu uboreshaji wa LLVM (msingi wa Clang, kompaila ya C) ambao bado haujaingizwa kwenye -O3, swichi ya uboreshaji mkubwa, huniuliza wawashe swichi ipi. Mmojawapo ni Polly, inayopanga upya vitanzi (loops). Nami huwauliza ni kitanzi gani kinachowachelewesha. Asiyekijua bado hana cha kuwasha. Pima kwanza kwa `perf`, chombo cha Linux cha kupima muda unaenda wapi, au kwa chombo ulichokizoea, kisha kitoe kitanzi hicho kwenye programu kubwa ukiweke kwenye faili lake.

Tuchukue kuzidisha matriki mbili za 1024 kwa 1024, A na B, jibu likiwekwa kwenye C, kwa vitanzi vitatu i, j, k, kama wengi wetu tulivyojifunza. Katika C, namba za safu mlalo moja hukaa zikifuatana kwenye kumbukumbu. Kitanzi cha ndani kinapozunguka juu ya k, B[k][j] inasomwa kwa kushuka safu wima, na kila hatua inaruka baiti 8,192. Prosesa nyingi huvuta kumbukumbu kwa mafungu ya baiti 64, yaani namba nane za aina ya double. Tunatumia moja, na zile saba mara nyingi zinaondolewa kwenye kache (kumbukumbu ndogo ya haraka ya prosesa) kabla hazijaguswa. Mpangilio ukiwa i, k, j, kitanzi cha ndani kinasoma mfululizo na fungu zima linatumika. Hesabu ni zile zile. Hata mfuatano wa kujumlisha ndani ya kila C[i][j] haubadiliki.

Polly hufanya mabadiliko ya namna hii yenyewe. Kila mzunguko wa kitanzi huuona kama nukta katika umbo la kijiometri, halafu hutafuta njia nyingine ya kuzipitia nukta hizo bila kitu kusomwa kabla hakijaandikwa. Unaiwasha hivi:

`clang -O3 -mllvm -polly zidisha.c`

Clang ikisema haiijui swichi hiyo, ilijengwa bila Polly. (Wa upande wa GCC, kompaila nyingine, wana Graphite, kwa `-floop-nest-optimize`; zote mbili hutegemea isl, maktaba ya hesabu hizo za kijiometri.)

Usishangae ikiwa hakuna kilichobadilika. Polly inataka mipaka ya vitanzi na fahirisi (namba za ndani ya mabano ya mraba) ziwe hesabu nyepesi, kama 2*i + j + 3. Fahirisi ya i*j itakataliwa. Pointa nazo huleta shaka, kwa kuwa mbili zinaweza kuelekea sehemu moja ya kumbukumbu. Ndiyo maana nashauri mtu aanze na safu (array) za ukubwa maalumu; pointa na `restrict`, neno la kuiahidi kompaila kwamba pointa haziingiliani, zije baadaye. Ongeza `-Rpass-missed=polly` usome kilichokataliwa. Mimi nimejifunza mengi zaidi kwenye maelezo hayo kuliko kwenye saa ya kupimia.

Kabla ya kushangilia kasi, linganisha matokeo na ya -O0, yaani bila uboreshaji. Safari moja matokeo yangu hayakulingana, nikaamini kabisa nimekuta kosa la kompaila. Nilitumia `-mllvm -opt-bisect-limit=N`, ambayo husimamisha uboreshaji baada ya hatua ya N. Ukiigawa N nusu kwa nusu, hata hatua mia kadhaa huisha kwa majaribio kama kumi. Nilifika kwenye hatua moja, na ilikuwa sahihi kabisa. Msimbo wangu ulisoma A[i][1024] nikikusudia kufika A[i+1][0]. Kwenye kumbukumbu ni mahali pamoja, lakini lugha ya C hairuhusu, na kompaila ina haki ya kudhani jambo hilo halitokei. `-fsanitize=address`, swichi ya kukagua matumizi mabaya ya kumbukumbu, haikuona kitu, maana anwani ile ilikuwa bado ndani ya matriki yangu. `-fsanitize=bounds`, inayokagua kila fahirisi dhidi ya mpaka wake, ilinionyesha mstari wenyewe mara moja. Niliurekebisha, nikawasha Polly tena, na namba za pande zote mbili zikalingana.